Adui yako muombee njaa? Gunia la mchele kati ya Korea mbili

Kuna mfuko mmoja wa mchele ambao kwangu mimi unaeleza habari za Korea kuliko picha zote za makombora. Ni mfuko wa kawaida tu, wa salfeti, kama hii tunayobebea mkaa na viazi, wa kilo 40, na umeandikwa kwa Kikorea Daehan Minguk, yani Jamhuri ya Korea, jina rasmi la Kusini. Miaka ya 2000 Kusini ilikuwa inapeleka mchele Kaskazini kwa meli na malori, sasa mchele ukiisha mfuko unabaki, na mtu mwenye shida hatupi mfuko mzima. Basi watu wakawa wanaitumia hiyo mifuko kwa kila kitu, wanatilia mahindi, wanatilia kuni, wanafungia mizigo kwenye baiskeli, na jina la adui linazunguka mtaani mchana kweupe mgongoni kwa mama anayewahi sokoni. Nchi ambayo kuangalia tamthilia ya Kusini ni kosa la kukuharibia maisha, lakini mfuko unapita na askari anaangalia tu. Wakubwa nao walikuwa na maelezo yao, kwamba hawa wa Kusini wanamwogopa kiongozi wetu ndo maana wanamletea mchele, ni kama kodi hiyo. Unacheka, lakini maneno hayo yalisemwa.

Sisi tunao msemo wetu, adui yako muombee njaa. Hesabu yake ni nyepesi, mwenye njaa hana nguvu ya kukupiga. Shida ni pale ambapo adui ni mwingine na mwenye njaa ni mwingine. Anayeamua kurusha kombora amekula na ameshiba, anayelala na maji ya moto tumboni hajawahi kuulizwa kitu. Kwa miaka 30 sasa Seoul, Washington na Tokyo wanabishana juu ya msemo huu bila kuujua, tuwape mchele ama tuwabane, na Pyongyang yenyewe, yani serikali ya Kaskazini, inaucheza upande wake, inagawa chakula kama inavyogawa vyeo. Mimi naona kosa kubwa liko hapa: mchele umefanywa barua. Kila upande unauliza umetoka kwa nani, una bendera ya nani, nani atashukuriwa. Aliyeuliza habari ya sufuria ni mwanamke wa sokoni peke yake, na huyo huyo ndo anayepigwa na kila sera inayokuja.

Turudi nyuma kidogo maana hii habari haikuanza na Kim Jong-un, kiongozi wa Kaskazini wa sasa. Agosti 1945 Japani, iliyokuwa inaitawala Korea, inaelemewa, maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, wakapewa usiku mmoja watafute mahali pa kuigawa Korea kati yao na Warusi. Wakachukua ramani, wakachora kwenye latitudo ya nyuzi 38, basi. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Watu wengi wanajua hapo, ila ukiangalia kilichokatwa na ule mstari ndo unaelewa njaa ilipozaliwa. Kusini ndo kulikuwa na mashamba ya mpunga, tambarare za Honam kule Jeolla, na hali ya hewa yenye huruma. Kaskazini ni milima na baridi kali, ardhi ya kulima haizidi sana sehemu moja katika tano, lakini ndo kulikuwa na umeme wa mabwawa na viwanda Wajapani walivyojenga, kikiwemo kile kiwanda kikubwa cha mbolea cha Hungnam. Mpunga huku, mbolea kule. Ni sawa na ndugu wawili kugawana jiko, mmoja akachukua sufuria mwingine akaondoka na mafiga, halafu kila mmoja anamshangaa mwenzake mbona hapiki. Mei 1948 Kaskazini ikazima umeme uliokuwa unaenda Kusini, giza likaingia Seoul. Miaka miwili baadaye vita, 1950 mpaka 1953, na mpaka leo hakuna mkataba wa amani, kuna karatasi ya kusitisha mapigano na ukanda wa kilomita 4 kwa upana unaokatiza nchi nzima kama kovu la upasuaji.

Na kuna kitu vijana wengi hawakijui. Baada ya vita aliyekuwa na njaa zaidi hakuwa wa Kaskazini. Kusini walikuwa na jina kabisa la njaa ya masika, walikuwa wanaita kilima cha shayiri, ile miezi mchele wa mwaka jana umeisha na shayiri haijakomaa, unapanda kilima hicho ukiwa na mizizi na majani tumboni. Waliishi kwa ngano ya msaada ya Wamarekani. Miaka ya 70 mwanzoni serikali ya Park Chung-hee ikaleta mbegu mpya ya mpunga yenye mavuno makubwa, na jina lake wakaiita Tongil, maana yake Muungano. Mchele wenyewe wazee wanasema haukuwa na utamu wala haukushikana vizuri, ila ulishibisha. Halafu 1984 mafuriko yakapiga Seoul, na Kaskazini ndo ikajitolea kutuma msaada, tani zaidi ya elfu 7 za mchele, saruji, vitambaa na dawa. Walitegemea Kusini itakataa wapate la kusema. Kusini ikasema asante, leteni. Mwaka uliofuata kwa mara ya kwanza familia zilizotenganishwa na vita zikaruhusiwa kuonana, chache mno, lakini walionana, watu wameshikana mashavu wanalia miaka 30 na zaidi tangu waagane. Yani gunia la mchele lilishawahi kufungua mlango, na lilitoka upande ule ambao leo hatuwezi hata kuuwazia.

Ikafika miaka ya 90. Kim Il-sung, mwanzilishi wa Kaskazini, alishawaahidi watu wake mchele mweupe na supu ya nyama, nguo za hariri na nyumba ya vigae. Hapa msomaji wa Kiswahili aelewe jambo, kwa sisi mahindi ndo heshima, ugali ni chakula cha mwanaume na cha mgeni, lakini kwa Mkorea mahindi ni alama ya kufulia. Kula wali mweupe ni kuwa mtu. Kwa hiyo mama akichanganya mahindi na mchele kidogo, uwiano wa ile sufuria unamwambia jirani hali ya nyumba hiyo bila mtu kuongea.

Mfumo wao ulikuwa wa mgao. Huendi dukani na hela, unakwenda na kadi kituo cha mgao, mfanyakazi wa kawaida gramu 700 kwa siku, mtoto na mzee chini ya hapo, mwenye kazi nzito juu kidogo. Kilimo chenyewe kilikuwa kinaishi kwa mbolea ya kiwandani, na kiwanda kinaishi kwa mafuta ya bei ya kirafiki kutoka Urusi ya kisovieti. 1991 Sovieti imekufa, Moscow inasema sasa leteni dola. China nayo ikabana nafaka 1993 na 1994. Kim Il-sung akafa Julai 1994. Mafuriko 1995, mafuriko tena 1996, ukame 1997. Serikali ikalaumu mvua, na mvua kweli ilinyesha, ila mlima ulioparuliwa miti watu walime chochote hauwezi kuzuia maji, na mtambo wa mbolea usio na umeme hauwezi kufufuliwa kwa wimbo wa chama. Mgao ulikatwa kwanza mikoa ya kaskazini mashariki, Hamgyong, miji ya viwanda kama Chongjin, huko ambako wengi walikuwa wale ambao serikali iliwapanga tabaka la chini kwa sababu babu yao alikuwa na shamba ama alikimbilia Kusini. Pyongyang walikula vibaya, Chongjin walikufa. Wangapi? Wapo wanaosema laki 6, wapo wanaosema milioni moja, wengine wamefika milioni 2 na kuendelea. Serikali iliipa jina la kishujaa, Safari Ngumu, kama vile watu walikuwa wanaandamana kwenda mahali.

Walikula magome ya misonobari yaliyochemshwa na kutwangwa. Walikula makapi ya soya yaliyobaki baada ya kukamua mafuta, wanayakanda, wanayabana yanakuwa kama kipande cha ngozi, wanakunja na kujaza wali kidogo ndani na kupaka pilipili, wakaita nyama ya bandia. Sasa hivi hicho ni chakula cha mtaani, watu waliokimbilia Kusini wanakitafuta kwa hamu kwa sababu ndo ladha ya ujana wao. Nafikiri hakuna kitu kinanisikitisha kuliko hicho, mtu kuikumbuka njaa yake kwa mate.

Sasa siasa ya bendera. Juni 1995 Kusini ikapeleka meli ya kwanza ya mchele, Sea Apex, kwenda bandari ya Chongjin, ule mji wenyewe niliousema. Makubaliano yalikuwa hakuna bendera. Meli inafika, wenyeji wakailazimisha ipandishe bendera ya Kaskazini. Kusini huko nyumbani watu wakawaka, hela yetu, mchele wetu, halafu tudhalilishwe, upelekaji ukasimamishwa kwanza. Yani kuna mji watu wameanza kuanguka barabarani, na serikali mbili zinagombana juu ya kitambaa mlingotini. Mwishowe mchele wa Kusini ulifika tani laki 1 na nusu mwaka ule, ila ile picha ya bendera ndo iliyobaki kichwani kwa watu na ndo waliyoipigia kura.

Miaka mitatu baadaye akatokea mzee mmoja akafanya kitu cha akili. Chung Ju-yung, mwanzilishi wa Hyundai, kwao ni Tongchon, ambako sasa ni Kaskazini. Akiwa kijana alimwibia baba yake hela iliyouziwa ng'ombe akatorokea Seoul kutafuta maisha. Juni 1998, ana miaka 82, akapita Panmunjom, kituo cha mpakani kati ya Korea mbili, na malori yamebeba ng'ombe 500, Oktoba akarudi na 501. Jumla 1001. Mmoja ni wa kulipa deni la baba, elfu moja ni riba. Hakuna mwanasiasa angeweza kubuni hiyo, na angebuni isingefanya kazi, kwa sababu ng'ombe yule hakuwa na bendera, alikuwa na aibu ya mtoto kwa mzazi na hiyo kila Mkorea anaijua. Rais Kim Dae-jung akaja na sera ya jua, yani kuilainisha Kaskazini kwa wema badala ya kuibana, akakutana na kiongozi wa Kaskazini Kim Jong-il huko Pyongyang Juni 2000, akapata Nobeli, na kwa miaka kadhaa mchele ukawa unaenda tani laki 4 hivi kwa mwaka pamoja na mbolea.

Ila tusijidanganye, haukuwa huruma tupu. Mwingi wa mchele ule ulikuwa mkopo, miaka 30, riba asilimia 1, na deni lilipoanza kuiva 2012 benki ya Seoul ikaandika barua ya kukumbushia na haikujibiwa. Halafu Kusini wenyewe mchele unawazidi. Mwaka 1970 mtu mmoja alikuwa anakula kilo 136 kwa mwaka, 2023 kilo 56 tu, wanakula mkate, tambi na nyama, maghala yamejaa, mkulima analia bei. Kupeleka mchele Kaskazini kulikuwa kunamsaidia mkulima wa Jeolla kama kulivyomsaidia mtoto wa Chongjin. Sioni ubaya, mimi namwamini zaidi mtu anayenisaidia huku na yeye anafaidika kuliko anayesema ananipenda.

Wanaopinga misaada wana hoja na lazima isikilizwe. Wanasema chakula kinaenda kwa jeshi na wakubwa. Ni kweli kilichotwa. Madaktari Wasio na Mipaka walifunga virago 1998 kwa sababu hawakuruhusiwa kuwafikia wenye hali mbaya. Lakini mchele ulioibwa hauliwi wote na mwizi, unauzwa, na ukiuzwa bei sokoni inashuka, mama wa Chongjin ananunua. Na hilo jeshi lenyewe tuliangalie. Novemba 2017 askari mmoja kijana wa Kaskazini alivuka mbio pale Panmunjom, wenzake wakampiga risasi, akaokolewa upande wa pili. Pale hawapangwi watoto wa maskini, ni askari waliochaguliwa. Daktari alipofungua tumbo akakuta punje za mahindi na minyoo kwa makumi, mmoja una sentimita 27. Minyoo hiyo inatoka wapi? Kila Januari Kaskazini kuna kampeni ya mbolea, kila familia na kila shule ina kiwango chake cha kinyesi cha binadamu cha kupeleka, kimeganda kwa baridi, watu wanakigongoa vyooni kwa sululu, na kiwango kikiwa hakijatimia wanaibiana, ama unanunua kwa jirani upate risiti. Nchi yenye nyuklia. Na hapo unarudi kwenye mstari ule wa 1945, mbolea, mbolea, mbolea.

Kilichookoa watu siyo Seoul wala chama. Ni soko, jangmadang. Mwanaume lazima aripoti kiwandani hata kama mashine zimeoza, akae, asaini, arudi. Mwanamke aliyeolewa alikuwa halazimiki, ndo akatoka na beseni. Akauza sufuria zake kwanza, halafu keki za mahindi, halafu tofu, halafu nguo kutoka China. Wanawake wakawa wanawaita waume zao taa ya mchana, ipo inawaka lakini haina kazi. Miaka ya 2010 mshahara rasmi wa mwezi ulikuwa haununui kilo moja ya mchele sokoni, sasa nani alikuwa anailisha nyumba?

Badala ya kumshukuru, serikali ikamwogopa. Wakaweka umri, vijana wasiuze. Halafu 30 Novemba 2009 ghafla wakabadilisha hela, 100 ya zamani kwa 1 mpya, na kila familia inabadilisha laki 1 tu ya zamani, ambayo kwa bei ya soko ni dola 30 na kitu. Iliyozidi ni karatasi ya kuwashia moto. Mtu ameuza tofu miaka kumi, amelala juu ya godoro la hela, asubuhi hana kitu. Wazee wetu waliopitia mabadiliko ya noti na foleni za unga wa yanga wataelewa nusu yake. Kelele zilikuwa nyingi mpaka wakapandisha kiwango. Mwaka 2020, kwa kisingizio cha korona, wakafunga mpaka na China hata sindano ya kushonea ikawa haipiti, na wakaanza kurudisha biashara ya nafaka kwenye maduka ya serikali. Kim Jong-un mwenyewe, aliyesema 2012 kwamba watu hawatakaza mkanda tena, Juni 2021 akakiri hali ya chakula imekuwa ngumu. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria karibu nusu ya watu hawapati chakula cha kutosha.

Mwezi mmoja ninaoukumbuka kila nikisoma habari hizi ni Julai 2019. Kusini chini ya Moon Jae-in ilikuwa imetenga tani elfu 50 za mchele zipitie Shirika la Chakula Duniani, mifuko ipo tayari. Kaskazini ikasusa, kisa mazoezi ya kijeshi ya Kusini na Marekani. Mwezi huo huo, mwishoni, ndani ya Seoul, mji wenye maghala, mwanamke aliyekimbia njaa ya Kaskazini alikutwa amekufa kwenye chumba chake pamoja na mwanawe mdogo, wamekaa muda mrefu bila mtu kujua, ndani hakuna chakula zaidi ya pilipili ya unga. Uchunguzi haukuweza kuthibitisha kilichowaua, ila kila mtu alijua anachokifikiria. Upande mmoja mchele umekataliwa kwa heshima ya taifa, upande wa pili mtu amepotea katikati ya fomu za ustawi wa jamii. Siasa za kaskazini na kusini zilimfuata mpaka jikoni kwake.

Baada ya hapo ni kuharibika tu. Juni 2020 Kaskazini ikalipua ofisi ya ushirikiano pale Kaesong, kwenye eneo la viwanda vya Kusini ndani ya Kaskazini, ambako zamani wafanyakazi elfu 50 na kitu walikuwa wanapewa keki za Choco Pie kama bonasi, hawazili, wanazipeleka sokoni. Mwisho wa 2023 Kim akatangaza muungano basi, Kusini ni adui, Januari 2024 wakabomoa tao la muungano la Pyongyang. 2024 wakawa wanarushiana maputo, wanaharakati wa Kusini wanarusha vipeperushi na flashi za muziki, Kaskazini wanajibu kwa maputo ya takataka. Sasa chakula na mafuta vinatoka Urusi, kwa mabomu na kwa vijana waliopelekwa kuipigania Urusi huko Kursk, kwenye vita yake na Ukraine. Huo nao ni mchele wenye bendera, ila safari hii bei yake ni mtoto wa mtu.

Juni 2025 rais mpya Lee Jae-myung akazima vipaza sauti vya mpakani, jambo jema. Mwezi huo huo, kisiwa cha Ganghwa, polisi waliwakamata Wamarekani sita usiku wa manane wakitaka kutupa baharini chupa za plastiki zaidi ya elfu moja zielee mpaka Kaskazini. Ndani mchele, noti za dola, flashi na Biblia. Wanaofanya kazi hii wanafuata mwezi kama wavuvi wetu, wanasubiri bamvua, mara mbili kwa mwezi maji yanapokuwa na nguvu ya kubeba. Ukizitazama zile chupa na zenyewe zina ujumbe, hakuna anayetuma mchele peke yake. Lakini mtu wa pwani ya Hwanghae, kule Kaskazini, akiiokota, nadhani ataanza na mchele.